Sebule Isiyo na Nyuma

Ijumaa, 1 Machi

Shangazi anahama. Anakwenda kuishi na binti yake, mbali, na safari ni Jumapili ya wiki ijayo. Habari hizi nimepewa mimi ili nimfikishie Baba, ingawa Baba alikuwa amesimama pale pale kwenye ngazi, gazeti mkononi, akijifanya anasoma matangazo ya vifo. Nikamfikishia. Baba akasema nimwambie amesikia. Nikamwambia Shangazi kwamba amesikia. Shangazi akasema nimshukuru kwa kusikia.

Ndivyo tunavyoishi. Shangazi ghorofa ya chini na cherehani yake, sisi ghorofa ya juu. Hawajasemezana tangu nyumba ya bibi, mama yao, ilipouzwa, nilipokuwa sekondari. Kila neno hupita kwangu: maji yamefungwa, fundi wa paa kaja, mwambie baba yako redio yake ina kelele. Mama alishajitoa. Husema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na ugomvi. Basi mimi, mwenye shahada mbili, kazi yangu kubwa katika ukoo huu ni kuwa waya wa simu.

Shangazi akiondoka hivi, waya utakatika. Nawajua. Hakuna atakayempigia mwenzake kwanza. Watanyamaza mpaka mmoja afe, kisha aliyebaki atalia kwa sauti kubwa na kuniambia mimi yale aliyotaka kumwambia marehemu.

Nimeamua. Nitawapatanisha kabla ya Jumapili ile. Nina silaha ambayo mpatanishi mwingine hana.

Jumamosi, 2 Machi

Silaha yenyewe ni sebule ya bibi.

Nimekuwa nikiijenga kazini, studio ya vibonzo, tangu mwaka jana, kwa kujiibia muda kati ya kazi za wateja. Ni video ya vibonzo ya kutazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe. Unavaa miwani inayofunika macho yote, na papo hapo hauko studio tena, umekaa ndani ya sebule ile. Ukigeuza shingo kushoto, kabati la vyombo. Kulia, kiti cha bibi chenye mto uliobonyea. Ukiinua uso, dari na lile doa la maji lililofanana na bata. Bibi mwenyewe hayumo. Nilijaribu kumchora, akatoka kama mwanamke wa tangazo la sabuni, nikamfuta kwa heshima.

Mbele yako kuna dirisha, na dirishani kuna pazia. Pazia ndilo roho ya kazi yote. Linainuka, linasita, linashuka taratibu kama mtu anayehema usingizini. Kila mkunjo nimeuchora, nikaufuta, nikauchora. Mtu akilitazama pazia hili asilengwe na machozi, akapimwe macho.

Nyuma yako hakuna kitu. Weusi mtupu. Sikuujenga upande ule kwa sababu mbili. Kwanza, siukumbuki, wajukuu tulikaa daima tukielekea dirishani, tukimvizia muuza barafu. Pili, nina nadharia: ukimpa mtu kitu kizuri cha kutosha mbele yake, hageuki nyuma. Niliandika tasnifu nzima juu ya jambo hili. Mwalimu wangu aliandika pembeni, "Una hakika?" Nilikuwa na hakika.

Mpango ni huu. Wote wawili wanavaa miwani kwa wakati mmoja, bila yeyote kujua kwamba mwenzake yumo chumbani. Wanaliona pazia kwa wakati mmoja. Wanalia kwa wakati mmoja. Wanavua, wanatazamana. Yanayofuata hayahitaji mchoraji.

Jumatatu, 4 Machi

Nimelazimika kumwomba msaada Masikio.

Masikio ni fundi wa sauti wa studio yetu. Anaamini picha ziliumbwa ili sauti isione haya kukaa peke yake. Mimi huniita Profesa, na si kwa heshima. Leo nilimpa miwani, akaingia sebuleni kwangu, na jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka nyuma. Sijapata kuona mtu akiikimbilia aibu ya mwenzake kwa haraka hivyo. Akauliza, Profesa, nyumba hii imekatwa kwa shoka? Nikamweleza nadharia yangu kwa utulivu. Akasema shingo ya mtu haijasoma tasnifu, shingo hufuata sikio. Kama nataka watu watazame dirishani, niweke sauti dirishani.

Nimechukia mchana kutwa, kwa sababu ni kweli.

Aliniuliza bibi alikuwa na sauti gani. Nikafikiri. Si wimbo, hakuwa mtu wa kuimba. Si kikohozi. Nikasema ndara. Bibi alikuwa akiburuta ndara za mpira, mguu wa kulia mzito kuliko wa kushoto kwa sababu ya goti, na ukiwa popote ndani ya nyumba ulijua yuko wapi na ana hasira kiasi gani. Masikio alinitazama bila kunitania, jambo ambalo si kawaida yake. Akatoka, akarudi na ndara za mlinzi, akaanza kutembea juu ya saruji mbele ya kinasa sauti. Hivi? Polepole zaidi? Goti liume kidogo tu au liume kweli? Alizunguka, akazunguka, mpaka mara moja vinyweleo vya mikono yangu vikasimama. Nikamwambia si mbaya. Akasema kwa Profesa hiyo ni nishani.

Kisha akauliza kama bibi alikuwa akitokea dirishani. Nikasema la, alitokea jikoni, lakini jikoni hakuna kwenye filamu yangu, kwa hiyo atatokea dirishani. Masikio akauliza kama bibi alikuwa mwizi. Nimeamua kutomjibu. Ndara zimewekwa dirishani.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kusema uongo. Nimeusema vizuri.

Baba nimempata kwa upande wa macho. Anajivunia sana kwamba umri wake wote hajavaa miwani ya kusomea, ingawa siku hizi gazeti hulishika mbali kana kwamba linanuka. Nikamwambia studio inatafuta watu wazima wenye macho makali wajaribu kifaa kipya. Akauliza kama wengine wamepatikana. Nikasema kwa umri wake ni shida kuwapata. Jumamosi atakuja.

Shangazi nimempata kwa cherehani. Nikamwambia nimechora pazia na sina hakika linaanguka kama kitambaa au kama karatasi, na mjini hapa hakuna anayejua kitambaa kama yeye. Akaendelea kupanga vitambaa sandukuni. Akauliza kama baba yangu atakuwepo. Nikajibu kwamba baba yangu hajawahi kukanyaga kazini kwangu. Hadi leo ni kweli.

Kisha, bila kuulizwa, akasema yeye nyumba ile hakutaka iuzwe. Alipopigiwa simu aliulizwa, akasema fanya unavyoona, na alikuwa analia. Mtu mwenye akili, akaniuliza, akiambiwa fanya unavyoona na mtu anayelia, anafanya?

Nilipopanda juu nikamchokonoa Baba kidogo. Akasema yeye ndiye hakutaka kuuza. Ila dada yake mkubwa alimwambia afanye anavyoona, naye alikuwa na nyumba inayovuja na mama aliyezikwa majuzi, angeona nini?

Nimekaa na hayo chumbani kwangu muda mrefu. Kumbe hakuna aliyetaka. Nilikaribia kushuka na kusema. Lakini maneno yangu wameyazoea, yananukia waya. Hapana. Hili ni jambo la kuonwa kwa macho. Pazia litasema.

Ijumaa, 8 Machi

Vikwazo vidogo vidogo. Nimevishughulikia kwa busara.

Asubuhi Baba alisema kesho hatakuja, mafua yanamwanza. Nikamwambia hakuna neno, wamepata mzee mwingine, jirani yetu wa mkabala. Baba akapona.

Mchana Shangazi alisema ana mizigo, hana nafasi ya mapazia ya kuchora. Nikasema basi nitampelekea yule mwenye saluni pale kona, naye huwa anashona. Shangazi akauliza nani kasema yule anashona. (Mama na mwenye saluni hawasalimiani tangu nywele za Mama zilipoungua, kwa hiyo jina lake hufanya kazi ghorofa zote mbili.) Shangazi atakuja.

Jioni wakati namsaidia kufunga sanduku, aliniuliza kama kikohozi cha Baba kimeisha. Nikasema nikamuulize? Akasema, we mtoto, nimekuuliza wewe. Nikapanda juu. Baba akauliza basi la Jumapili linaondoka asubuhi au mchana. Nikasema, nikuulizie? Akasema hana haja, alikuwa anataka kujua tu.

Nilisimama kwenye ngazi katikati, mahali ambapo redio ya juu na cherehani ya chini husikika pamoja. Nimesimama pale miaka mingi. Sijui kwa nini leo nilishika ukuta.

Kazi imekwisha kupikwa. Ndivyo tunavyosema kazini: kompyuta inapika, picha moja kwa kila jicho, nayo hupumua moto kama jiko kweli. Kesho nitamkalisha Baba kwanza na kumfunika macho. Kisha nitamvalisha Shangazi koridoni, nimwongoze kwa mkono kama bibi harusi, asione aliyeketi humo. Hakuna tundu katika mpango huu. Nimelitafuta.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa na hasira, au na kitu kingine ambacho nitakipa jina baadaye.

Baba alifika mapema, kavaa koti la harusini. Chumba chetu cha majaribio ni chembamba kama behewa, kwa hiyo viti viwili vya kuzunguka hukaa kimoja nyuma ya kingine, vyote vikielekea mlangoni. Nikamweka cha mbele, nikamvika miwani na hedifoni, nikamwambia asubiri. Masikio naye alikuwepo, hajaalikwa, eti kaja kuisikiliza sauti yake ikifanya kazi.

Shangazi nikamvalisha kule koridoni. Nikaanzisha video zote mbili kwa pamoja, nikamshika mkono, tukaingia. Alitembea kwa hatua za kuku, mkoba kaukumbatia, akinong'ona kwamba anaona dirisha la kwao. La kwao kabisa. Moyo ukanipaa. Nikampitisha ubavuni mwa Baba, nikamgeuza, nikamkalisha kiti cha nyuma.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo huwakaripia wanafunzi wote wa mazoezi. Miwani hii huamua mbele ni wapi pale video inapoanzishwa. Unakoelekea wakati ule ndiko kunakokuwa mbele, na hakubadiliki. Mbele ya Shangazi ilishaamuliwa koridoni. Nilimgeuza yeye, sebule haikugeuka naye. Dirisha, kiti, kabati, pazia langu, vyote vikabaki mgongoni kwake. Mbele yake palikuwa na weusi.

Ndara zikaanza. Niliziona kwenye uso wa Masikio, hedifoni kwenye sikio moja, kafumba macho kwa kujipenda.

Shangazi hakugeuka. Alikaa gizani, akasikiliza hatua zile mgongoni kwake, mguu mzito, mguu mwepesi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mama, umeme umekatika?"

Nikainuka niisimamishe video, nimrekebishie mbele yake, tuanze upya. Masikio akanishika mkono wa blauzi. Nikamnong'oneza kwamba haoni pazia. Akaninong'oneza nikae.

Upande wa Baba mambo yalikuwa sawa kabisa, kwa nusu dakika. Alikuwa anaelekea dirishani, pazia linacheza, kila kitu kama kilivyopangwa. Akakunja uso. Akasema kwa sauti kuu, kama wasemavyo watu walioziba masikio, kwamba Mama hatokei huko. Mama hatokei dirishani, anatokea jikoni! Akazungusha kiti chake kwa hasira kulitafuta jiko, akakutana na weusi. Akanguruma kwamba jiko lenyewe hamna. Wamelisahau jiko.

Sauti ile ingepenya ukuta, seuze hedifoni. Shangazi aliketi wima. Akainua upande mmoja wa hedifoni yake, akaliambia giza kwamba jiko lilikuwa kushoto. Hapo, akasema, palikuwa na ukuta wa kalenda.

Baba akaacha kuzungusha kiti. Naye akainua upande mmoja.

Sasa nieleze walivyokaa. Baba kageuka nyuma, Shangazi anatazama mbele, viti vimefuatana. Walikuwa wanaelekeana, magoti karibu yagusane, na kila mmoja alikuwa anatazama weusi ambao sikuujenga. Hakuna aliyevua miwani. Wangeweza. Mikono ilikuwa huru.

Baba akauliza, kushoto ukitokea wapi?

Shangazi akajibu, ukitokea mlangoni, wewe ulikuwa unatokea dirishani kama mwizi kwa sababu ya kuchelewa kurudi.

Baba akasema kalenda ilikuwa jikoni. Shangazi akasema jikoni kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na wewe, na mkononi mwako kulikuwa na sukari, na aliyepigwa nilikuwa mimi. Baba akasema, dada, si nilikuachia nusu? Shangazi akasema nusu gani, ulinipa kijiko nilambe.

Wakaendelea. Wakaweka rafu. Wakaiondoa, wakaisogeza. Wakabishana juu ya rangi ya ndoo. Kwa muda ule nilisahau kuudhika, kwa sababu nilianza kuliona jiko lenyewe, nami sikuwa nimevaa chochote.

Ndara zilikuwa zimekwisha. Baba akasema, kwa sauti ya kawaida sasa, uliniambia nifanye ninavyoona.

Shangazi akasema nilikuwa nalia. Hukusikia?

Baba akasema nilisikia. Nilidhani unamlilia Mama.

Shangazi akasema alikuwa anamlilia Mama. Na nyumba pia. Akauliza, mtu haruhusiwi kulilia vitu viwili?

Baba alinyoosha mkono gizani, kwa kupapasa, kama anayetafuta swichi ya taa. Aliukuta mkoba kwanza, kisha mkono ulioushika.

Masikio alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilitazama kompyuta. Pazia langu lilikuwa linafika kwenye mkunjo wake wa mwisho, ule mgumu kuliko yote, na hakuna aliyekuwa akilitazama.

Walipovua nikawauliza, kwa upole, wamelionaje pazia.

Wote wawili wakauliza: pazia gani?

Jumapili, 10 Machi

Shangazi ameondoka. Baba ndiye aliyembebea masanduku. Walishuka ngazi wakibishana kuhusu kigoda, miguu mitatu au minne, na mabishano yakaendelea mpaka kwenye teksi, na Baba naye akaingia humo humo ndani ya teksi ili asikatizwe.

Kabla ya hapo Shangazi alinikumbatia. Akasema filamu yangu ni nzuri, ila giza limezidi. Akasema pia nile vizuri.

Hakuna aliyenituma kusema chochote leo. Siku nzima. Mchana nilijikuta nimesimama pale katikati ya ngazi. Chini hakuna cherehani. Juu hakuna redio, Baba hajarudi kutoka kituo cha basi. Nilingoja kidogo, nisije nikahitajika. Kisha nikaingia ndani kumsaidia Mama kuchambua mchele. Mama akaniuliza mbona uso umenishuka, si ndicho nilichokuwa nakitaka? Nikasema ndicho. Akasema basi nitoe mawe, nisimrudishie mchele wenye mawe.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya tathmini. Kwa utulivu, kitaaluma.

Masikio anadai ni ndara. Ameanza kuwasimulia watu wote wa studio, na katika masimulizi yake mimi nina kazi moja tu, kumkalisha mtu vibaya. Nimemweleza kwamba sauti ni kichocheo cha nje. Kilichowapatanisha ni pazia. Shangazi aliliona kwa sekunde chache akiwa anatembea. Baba aliliona kwa nusu dakika kabla ya kugeuka. Lilishawaingia, hata wakasahau kwamba wameliona. Hiyo ndiyo alama ya sanaa ya kweli. Masikio akauliza, kwa hiyo pazia linafanya kazi vizuri zaidi lisipoangaliwa? Sikupenda alivyolisema, lakini nimeliandika mahali kwa ajili ya tasnifu ya baadaye.

Yapo makosa, sikatai. Kubwa ni ule weusi. Fikiria, wazee wangu wameteseka gizani wakilazimika kukumbuka jiko zima kwa midomo, kitu ambacho mimi ningewaonyesha mara moja. Nimeona aibu.

Jioni nilimkuta Baba kwenye simu na Shangazi, anachora pembezoni mwa gazeti. Rafu hapa. Ndoo pale. Kigoda bado wanakigombea. Nimeichukua michoro yote. Nitaujenga upande ule, kila msumari.

Lakini kwanza kuna jambo la haraka zaidi. Mama na mwenye saluni. Leo wamepishana mlangoni kama nguzo mbili. Nimekwisha kuanza kuichora saluni: vioo, viti, kikaushio kile kilichounguza nywele, hata nywele zenyewe sakafuni. Nitawakalisha wote wawili humo, wakielekea kunakotakiwa, mikanda ya kiti imefungwa. Na safari hii sitaacha hata kona moja tupu. Mbele, nyuma, juu, chini, kila kitu kitakuwepo na kitaonekana, ili mtu akishavaa miwani asiwe na haja ya kumuuliza mwenzake neno hata moja.